UZI: AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa mazao) ikiingiza kompyuta, nani apime, nani aandike, nani alipe? (Moshi Vijijini, Hai, Rombo, Arumeru)

Karani_wa_Mizani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Msimu wa kahawa unakaribia, na wauza programu wameanza kupiga hodi kwenye vyama vya msingi huku mlimani. Bodi nyingi zinaanza na swali la programu ipi inunuliwe. Naomba swali hilo tuliweke mwisho kabisa.

Daftari la mizani, leja ya mkulima na kitabu cha stakabadhi vimegawa kazi kwa miaka mingi: mmoja anapima, mwingine anaandika, mweka hazina analipa, na mkulima anaondoka na nakala yake mkononi. Kompyuta ikiingia bila mpango, kazi hizo zote zinaangukia kwa kijana mmoja anayejua kubofya. Hata akiwa mwaminifu kupita wote, chama kimebaki na macho mawili tu.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, chukueni karatasi kubwa muichore safari ya gunia: kufika kituoni, kupimwa unyevu, kupimwa uzito, stakabadhi, ghala, gari, kiwanda cha kukoboa, mnada, malipo. Kwenye kila hatua andikeni nani anafanya, anaandika wapi na nani anahakiki. Mtakapoona mtu yuleyule hatua tatu mfululizo, hapo ndipo pa kurekebisha, na marekebisho hayo hayahitaji umeme.

Migawanyo mitatu isivunjwe hata chama kikiwa kidogo. Anayepima asitoe stakabadhi peke yake. Anayeingiza bei asiidhinishe malipo. Na anayesajili wanachama asiwe ndiye anayebadilisha namba za simu za kupokelea malipo. Huu wa tatu husahaulika, na ndio wa hatari kuliko yote: namba inabadilishwa usiku wa kuamkia malipo, fedha inatoka, asubuhi namba ya zamani inarudishwa, na leja inaonekana safi. Programu yoyote mtakayochukua lazima ioneshe namba ya zamani, namba mpya, nani alibadilisha na saa ngapi, na badiliko lisifanye kazi mpaka mtu wa pili alipitishe. Kisha bodi isome orodha ya namba zote zilizobadilika ndani ya siku 30 kabla ya kila malipo. Kwa chama cha kawaida haizidi ukurasa mmoja.

Sasa mizani, maana programu haiwezi kusahihisha uzito uliokosewa. Mizani ya kidijitali ya jukwaa iwekwe kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa. Ikiegemea upande inasoma pungufu. Angalieni stika ya Wakala wa Vipimo, uhakiki ni wa kila mwaka. Wekeni jiwe la kilo 20 lililohakikiwa, lipandishwe mizani kila asubuhi mbele ya wakulima wawili na usomaji uandikwe.

Na gunia. Gunia la katani lina uzito wa karibu kilo moja, mfuko wa plastiki uliosukwa ni gramu mia na kitu. Programu ikiwekwa ikate kilo moja kwa kila gunia wakati wakulima wanaleta kwenye mifuko ya plastiki, kila mfuko unamnyonya mkulima gramu mia nane au zaidi. Magunia 400 kwa msimu ni zaidi ya kilo 300 za kahawa ambazo hazina mwenyewe kwenye leja lakini zipo ghalani. Kilo zisizo na mwenyewe hupata mwenyewe. Kwa hiyo karani alazimike kuchagua aina ya gunia kila anapopima, na stakabadhi ioneshe uzito wa jumla, uzito wa gunia na uzito halisi, vyote vitatu.

Wenye uzoefu wa data, ukaguzi na ushirika karibuni tuongeze.

---

Njiro_Data

Mangi umegusa penyewe. Naongezea upande wa faili, kwa sababu vyama vingi havitaanza na programu bali na Excel, na Excel ina mitego inayokula taarifa kimyakimya.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel inahifadhi tarakimu 15 tu za namba moja. Ukiandika namba ya NIDA mfululizo kwenye seli ya kawaida, tarakimu tano za mwisho zinageuka sifuri, na hata ukibadilisha mpangilio wa seli baadaye hazirudi. Dawa ni kuifanya safu nzima iwe ya maandishi kabla ya kuingiza chochote, au kuandika namba pamoja na vistari vyake kama ilivyo kwenye kitambulisho.

Namba ya simu ikianza na 0, Excel inaifuta hiyo sifuri. Mkikimbilia mtindo wa 255 mnapata tarakimu 12, na Excel inaionesha kama 2.55754E+11. Mkihifadhi faili kwa mtindo wa CSV kwa ajili ya malipo ya pamoja ya M-Pesa, Airtel Money au mtandao mwingine, kinachohifadhiwa ni kile kinachoonekana. Faili ikifunguliwa tena, wote walio na mwanzo unaofanana wana namba moja: 255754000000. Hapa pia dawa ni safu ya maandishi. Na kabla ya kutuma, hesabuni namba zinazojirudia. Namba moja kwa watu wawili inaweza kuwa mume na mke, ila kwa watu kumi faili imeharibika.

Tarehe nazo. Kompyuta ikiwa na mpangilio wa Marekani, tarehe 5/8 inakuwa Mei 8 badala ya Agosti 5. Ziko sahihi kwa macho, lakini jumla za mwezi zinakataa. Badilisheni mpangilio wa nchi kwenye kompyuta yenyewe, au andikeni 2025-08-05.

Msidhani haya ni ya vijijini tu. Uingereza mwaka 2020, mamlaka ya afya ya umma ilipitisha majibu ya vipimo vya korona kwenye faili za Excel za mtindo wa zamani, ambazo mwisho wake ni mistari 65,536. Mistari iliyozidi ikakatwa bila onyo, na karibu wagonjwa 16,000 hawakuingia kwenye hesabu kwa wakati. Chama chenu hakitafika mistari hiyo, lakini tabia ni ileile: faili haipigi kelele inapopoteza kitu. Ndiyo maana chini ya kila orodha iwepo idadi ya mistari na jumla ya kilo, na mtu mwingine azilinganishe na kitabu cha stakabadhi.

---

Uru_Mashariki

Asanteni sana wakuu. Je, chama chenye wanachama kama 180 na kituo kimoja cha kupimia kina haja ya programu kweli, au tunatafutiwa gharama?

---

MamaKihamba

Nashukuru kwa uzi huu. Mmeongelea kilo na namba, mimi naomba tuongelee majina, kwa sababu rejesta ya wanachama ndiyo msingi na ndiyo iliyooza kuliko yote.

Kwanza, jina lisiwe ufunguo. Kata moja inaweza kuwa na akina Mushi, Massawe, Temu au Lyimo kadhaa wenye jina la kwanza na la baba linalofanana kabisa. Kila mwanachama awe na namba ya uanachama isiyobadilika na isiyotumiwa tena hata akifariki. Programu inayotafuta kwa jina peke yake itampa mmoja kilo za mwenzake, na kosa litaonekana siku ya malipo.

Pili, marehemu. Kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kinarithiwa, lakini uanachama haurithiwi kwa karani kufuta jina la baba na kuandika la mwana. Akaunti ya marehemu ifungwe kwa tarehe, ibaki ikisomeka, na mrithi afunguliwe yake baada ya taratibu za chama na za mirathi kukamilika. Ukiandika juu ya jina la marehemu, malipo ya pili (nyongeza inayogawanywa baada ya kahawa kuuzwa) ya kahawa aliyoileta akiwa hai yanaenda kwa aliye karibu na karani.

Tatu, na hili nalisema kwa uchungu: kahawa nyingi inachumwa, inamenywa na kuanikwa na mama, halafu inapimwa kwa namba ya baba na fedha inaingia kwenye simu ya baba. Wakati wa daftari, mama alibeba gunia, alipokea stakabadhi na mara nyingi alipokea hata fedha taslimu pale dirishani. Malipo ya simu yamemwondoa dirishani. Hakuna aliyekaa kikao akaamua hivyo, safu moja tu ya faili iliyoandikwa "namba ya simu" imeamua. Kama masharti ya chama yanaruhusu, msajilini mama kama mwanachama kamili kwa kahawa anayoileta. Kama bado, wekeni safu mbili, moja ya mwanachama na nyingine ya aliyeleta, na ujumbe wa kilo uende kwenye simu zote mbili. Haugharimu kitu na unapunguza ugomvi nyumbani.

---

Hesabu_Safi

Shikamoo Mama Kihamba, hoja ya tatu inastahili kusomwa mkutano mkuu.

Mimi naandika upande wa ukaguzi, na ninaanza na onyo. Uingereza, shirika la posta liliweka mfumo wa hesabu unaoitwa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, kuanzia 1999. Mfumo ukaonesha upungufu wa fedha kwenye ofisi ndogo ndogo, na uongozi ukaamini kompyuta kuliko watu. Zaidi ya wasimamizi 900 wa ofisi hizo walitiwa hatiani, wengine wakafungwa, wengine wakafilisika. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu huo, na mwaka 2024 Bunge lao likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Miaka ishirini na tano ya maisha ya watu.

Kwetu inamaanisha kwamba tofauti ikionekana kati ya kompyuta na ghala, karani asiitwe mwizi mpaka sababu nyingine zimekaguliwa moja moja. Ya kwanza ni unyevu. Kahawa ya pachimenti, yaani iliyomenywa, kuoshwa na kukaushwa ikabaki na ganda lake jembamba, inaendelea kukauka ghalani. Mkipokea kilo 1,000 zikiwa na unyevu wa asilimia 12.5 na zikashuka hadi asilimia 11, hesabu ni 1,000 × 0.875 ÷ 0.89, ambayo ni kilo 983. Kilo 17 zimepotea kwa hewa, wala hakuna aliyeiba. Programu isiyoandika unyevu wa siku ya kupokea itamtia mtu hatiani. Kwa hiyo kipima unyevu kitumike kila gunia, na usomaji uingizwe hapohapo.

Baada ya unyevu angalieni uzito wa magunia kama alivyosema Karani, kisha stakabadhi zilizoingizwa mara mbili, kisha zilizofutwa. Na hapa niseme: stakabadhi isifutike kamwe. Ikikosewa, iandikwe nyingine ya kuisahihisha yenye namba yake, zote mbili zibaki. Programu yenye kitufe cha kufuta stakabadhi bila kuacha alama isinunuliwe, hata ikitolewa bure.

Kila jioni linganisheni hesabu tatu: jumla ya kitabu cha stakabadhi, jumla ya kompyuta, na jumla ya magunia yaliyoingia ghalani. Watu wawili wasaini. Endesheni daftari na kompyuta pamoja kwa msimu mzima, kuanzia kilo ya kwanza mpaka malipo ya pili. Watu huchoka katikati na kuacha daftari, lakini makosa makubwa hujitokeza kwenye malipo ya pili, yaani mwishoni. Wakaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, wakija, mkiwa na hesabu hizo tatu zilizosainiwa za kila siku, kazi yao na yenu inakuwa nyepesi.

Nyongeza ndogo: karatasi za printa ya joto hufifia zikikaa juani au karibu na jiko. Mkulima anayesubiri malipo ya pili miezi kadhaa anaweza kubaki na karatasi nyeupe. Ushirika wa kahawa hapa Kilimanjaro umeanza na KNPA, chama cha wakulima wa kahawa, mwaka 1925, ikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika, mwaka 1933, na siku zote mkulima amejitetea kwa karatasi aliyonayo. Toeni stakabadhi ya nakala kaboni, na ujumbe wa simu uwe nyongeza yake.

---

Karani_wa_Mizani

@Uru_Mashariki, ndugu yangu, wanachama 180 na kituo kimoja hamhitaji programu ya kununua. Jedwali lililotengenezwa vizuri linatosha: karatasi moja ya wanachama, moja ya upokeaji, moja ya bei, na ya malipo inayojikokotoa yenyewe. Programu inakuwa na maana mkiwa na vituo viwili au zaidi vinavyopima kwa wakati mmoja, au watu watatu wanaotakiwa kuandika siku moja. Faili moja ya Excel ikizungushwa kwa WhatsApp kati ya vituo, ndani ya wiki mtakuwa na matoleo manne na hakuna anayejua lipi ni la kweli.

Kumbukeni pia kwamba Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa kusimamia vyama, MUVU. Kabla ya kulipia kitu cha pembeni mwoneni ofisa ushirika wa wilaya awaeleze mfumo huo unawataka muingize nini na kwa mpangilio gani, msije mkaandika kila kitu mara mbili.

Kwa vyama vya vituo vingi, swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: mtandao ukikatika, karani anaendelea kupima? Juu huko kwenye mabonde simu inashika hapa, inapotea hatua kumi mbele. Programu inayohitaji intaneti kila sekunde itasimamisha foleni ya wakulima wenye magunia mgongoni. Inayofaa inaandika kwenye simu kwanza na kupeleka baadaye. Lakini hiyo nayo ina tatizo lake: vituo viwili visivyoonana vinaweza kutoa stakabadhi yenye namba ileile, 00125 hapa na 00125 kule, na zikikutana moja inaifunika nyingine. Kila kituo kiwe na herufi yake mbele ya namba, A-00125 na B-00125. Na saa za simu zote ziwe za mtandao, zisirekebishwe kwa mkono, vinginevyo mpangilio wa bei zilizobadilika katikati ya siku unavurugika.

Jaribio la kumfanyia muuzaji mbele ya bodi: zima data, pima magunia matano, toa betri au zima simu ghafla, iwashe, washa data, hesabu. Yakipatikana manne, mshukuruni aende.

---

Sakina_Booking

Hata ofisi za utalii hapa Arusha zina ugonjwa huohuo wa faili la kuzunguka. Wauzaji wawili wanaahidi gari moja kwa wageni wawili kwa sababu kila mmoja ana kalenda yake. Kalenda iwe moja mtandaoni, na gari lihesabike limechukuliwa pale tu mtu wa oparesheni anapothibitisha, si muuzaji anapoandika jina. Mpaka hilo likubaliwe ofisini, hata kalenda ya mtandaoni inabaki kuwa ubao wa kuandikia matumaini.

---

Njiro_Data

@Sakina_Booking sahihi kabisa dada.

Nakala za akiba sasa. Ziwe tatu: iliyo kwenye kompyuta, ya diski ya nje, na moja nje ya jengo, kwa mwenyekiti au mtandaoni. Diski iliyowekwa kwenye droo ya meza ya kompyuta huibiwa pamoja na kompyuta. Mara moja kwa mwezi chukueni nakala hiyo muifungue kwenye kompyuta nyingine na kulinganisha jumla ya kilo. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa msiihesabu. Na flashi inayotumika kuchapishia steshenari mjini isirudi kwenye kompyuta ya chama, huko ndiko virusi vinakotoka.

Nywila moja ya ofisi nzima inaua ukaguzi wote aliousema Hesabu_Safi, kwa sababu kila kosa litaandikwa limefanywa na "admin". Kila mtu na yake, na anayeacha kazi afungiwe siku hiyohiyo. Vilevile laini ya simu, barua pepe na kundi la WhatsApp la chama visajiliwe kwa chama, visiwe vya katibu binafsi. Akiondoka na laini yake anaondoka na uwezo wa kupokea namba za kuthibitisha za akaunti zote.

UPS ndogo (betri ya akiba) kwa kompyuta ya mezani inatoa dakika chache tu za kuhifadhi na kuzima, msiitegemee kufanyia kazi. Ofisi ambayo umeme unakatika mara kwa mara ichukue kompyuta mpakato.

Na orodha za malipo zenye namba za NIDA na simu zisibandikwe ukutani wala kutupwa kwenye kundi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na inahusu vyama pia. Bandikeni namba ya uanachama na kilo. Mkulima anajua namba yake.

---

Uru_Mashariki

Tumeelewa mkuu, tutaanza na jedwali. Malipo ya pili tunayakokotoaje ili jumla isipishane na fedha iliyopo benki?

---

Hesabu_Safi

Kwa mfano: fedha ya kugawa baada ya makato ni Sh 18,437,500 na kilo zote ni 12,460. Ukigawanya unapata Sh 1,479.73 na zaidi. Mkikuza iwe 1,480 mtahitaji Sh 18,440,800, yaani mmepungukiwa Sh 3,300 na wa mwisho kwenye orodha hatalipwa. Shusheni iwe 1,479. Mtalipa Sh 18,428,340 na zitabaki Sh 9,160, ziandikwe kwenye akaunti ya masalio na zitajwe mkutano mkuu. Bei hiyo ikae kwenye seli moja tu ambayo safu yote ya malipo inaisoma, ifungwe kwa nywila ya mweka hazina, na tarehe ya kikao kilichoipitisha iandikwe pembeni yake. Makato ya mikopo ya pembejeo yasipunguzwe kwenye kilo wala kwenye bei. Yawe na safu yake, mkulima aone amestahili kiasi gani, amekatwa kiasi gani na kwa deni la tarehe ipi.